Bakuli la Povu

Nilianza kunyoa kwa brashi na povu kwa sababu ya hasira. Kinyozi wa pale stendi ya Bugarama alikuwa na mashine moja kwa vichwa vyote, na kila nilipotoka kwake shingo iliota vipele vilivyoniwasha wiki nzima. Siku moja nilimwambia aifute mashine kwa spiriti kabla ya kunigusa, akanijibu nikanyolewe na mke wangu. Nikasimama, nikaondoka na ndevu za upande mmoja. Nina kisirani hicho tangu utotoni: nikigombana na mtu mmoja niko tayari kubadilisha mambo yangu yote ili nisimwone tena.

Kazi yangu ni kutengeneza simu, kwa hiyo intaneti ninayo mchana kutwa. Nikaanza kutazama video za wanaume wa nchi za mbali wanaonyoa taratibu, bila haraka yoyote: maji ya moto, brashi, sabuni, wembe mmoja. Nikapenda. Nilipokwenda Shinyanga mjini kufuata vioo vya simu, niliingia duka la mzee mmoja wa Kiislamu anayeuza ubani, kofia na vibatari, nikamwamkia shikamoo na kumweleza ninachotafuta. Alicheka mpaka akakohoa. Akapanda kwenye kigoda, akashusha kutoka rafu ya juu brashi ya manyoya iliyofunikwa na vumbi na kishikio kizito cha chuma cha kufungia wembe. Alisema ujanani mwake kila karani alikuwa na kitu kama kile. Akanionyesha jinsi ya kukiinamisha shavuni, kisha akaniongezea kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kusimamisha damu ukijikata.

Miezi ya mwanzo nilijikata sana. Mke wangu alikuwa ananitania kwamba uso wangu unapata huduma kuliko nywele zake, na kwamba siku hizi ameolewa na bibi harusi. Lakini shingo ilipona. Jirani yangu wa ukuta wa pili akaona, naye akaomba. Alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mchimbaji tangu ujana wake, aliyeacha maduara, mashimo ya kuchimbia dhahabu, baada ya kifua kumzuia. Mikono yake ilitetemeka, hakuweza kujinyoa mwenyewe bila kumwaga damu. Nilidhani ni pombe, na kwa kuwa ni mtu mzima sikumuuliza. Kila Jumamosi asubuhi alikuwa anakuja na kigoda chake, ananiita fundi, anafumba macho.

Kilichonikosesha raha kilikuwa chombo cha kupigia povu. Kikombe cha plastiki kilikuwa chepesi na kinateleza. Mwanzoni mwa Juni nilikwenda gulio la Katoro, nikamkuta mama mmoja ametandaza turubai la vyombo vya mitumba, vyombo vya watu wanaohama machimbo na kuuza kila kitu. Pale nikaliona bakuli la bati jeupe, lile la rangi ya kung'aa, ukingo wake wa bluu umekunjwa kwa nje. Ndani lilikuwa limekwaruzika kotekote. Mwingine angelikataa kwa mikwaruzo hiyo. Mimi ndiyo niliyoitafuta, maana brashi ikizunguka kwenye mikwaruzo povu huja haraka na zito. Nililiosha kwa sabuni ya unga na maji ya moto mara mbili, nikajiona msafi kuliko mji mzima.

Juni na Julai kwetu asubuhi kuna baridi ya kuuma. Mmoja wa wale wanaume wa kwenye video alisema raha ya kunyoa ni povu la moto. Mimi ni mtu wa kufuata maelekezo. Nikawa naliweka bakuli juu ya jiko la mkaa, moto mdogo tu, povu likipata uvuguvugu nalitoa, likipoa nalirudisha. Mara tatu kwa wiki, ndani, mlango umefungwa kwa ajili ya baridi. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitatu na alikuwa anasikia baridi kuliko mimi. Alivuta kigoda, akakaa karibu na jiko, kanga mabegani, anatafuna pemba, ule udongo ambao wajawazito huununua sokoni. Alisema anapenda harufu ya ile sabuni ikipata moto, inamtuliza kichefuchefu. Nikikauka uso, yeye alilikausha bakuli na kuweka humo vipande vyake vya udongo mpaka siku ya kunyoa irudi.

Niseme na hili, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Mwaka uliotangulia mimba yetu ya kwanza ilitoka. Hatukuizungumza. Hii ya pili tuliibeba wote wawili kama watu wanaovuka mto na mzigo kichwani.

Ilikuwa Jumamosi ya Septemba. Nilikuwa uani namsubiri jirani, nikaligonga bakuli kwenye ukingo wa karo ili limwage maji. Kitu kikadondoka kwenye saruji na hakikulowa. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya ulezi, cha rangi ya fedha, kikabiringika mpaka kwenye ufa. Nikaligonga tena. Vikatoka viwili kutoka ndani ya ule ukingo uliokunjwa, mahali ambapo rangi ilikuwa imepasuka. Vikakimbiliana, vikaungana, vikawa kimoja.

Mtoto wa Geita haulizi hicho ni nini. Nilikulia Nyarugusu, kwenye karasha za kusagia mawe na madimbwi ya kuoshea mchanga. Nimemwona baba mdogo akiimimina zebaki kwenye beseni, inaikamata dhahabu, anaikamua kwenye kitambaa, anachoma kinachobaki. Tulipokuwa shule ya msingi tuliiviringisha viganjani tukiipokezana. Ninajua dukani chombo gani kinaitwa bakuli la kulia na machimboni chombo hichohicho kinachanganyiwa zebaki na mchanga. Na mimi, mwenye kujifanya mjanja wa mikwaruzo, nilikuwa nimesimama pale Katoro nikafurahia alama za kazi hiyo.

Nilikaa chini palepale kwenye saruji yenye maji. Kitu cha kwanza kilichonijia ni ule udongo, vipande vya kijivu vimelala ndani ya bakuli, na mkono wa mke wangu unavichukua kimoja baada ya kingine huku anasoma ujumbe wa simu. Nilijaribu kuhesabu siku na hesabu ikawa inaniponyoka, naanza upya, inaniponyoka.

Jirani alinikuta hivyo. Aliweka kigoda, akainama, akatazama. Hakushangaa hata kidogo.

"Mekyuri hiyo, fundi," alisema. "Hili bakuli lilikuwa kazini."

Aliniambia nisijitie hofu za bure. Wao walikuwa wanaishika kwa mikono mitupu, wanaichoma mbele ya nyuso zao, moshi unapita puani, kisha wanakula ugali, na wake zao wamezaa. Akaniuliza kama nina kichupa, maana hata tone lina mwenyewe kwa wachimbaji. Nikampa kichupa cha dawa. Alijaribu kulisukuma lile tone kwa karatasi, na mkono ukamtetemeka, karatasi ikagongagonga kwenye saruji, tone likamkimbia mara tatu. Alicheka. Mimi nilikuwa namtazama mkono. Miezi yote ile nilikuwa naona kile kitu na nakiita pombe.

"Mzee wangu, mikono hiyo ilianza lini?" nilimuuliza.

Alisema haikumbuki siku. Ilikuja taratibu tu.

Alichukua kichupa pamoja na bakuli lenyewe, na siku ile sikumnyoa. Niliingia ndani nikamwambia mke wangu kuhusu udongo, kwa sababu udongo haukuwa kosa langu peke yangu. Aliutema uliokuwa mdomoni. Hakulia wala hakunilaumu. Alijifunga kanga vizuri, akachukua kadi yake ya kliniki, akasema twende.

Nesi aliyetupokea alikuwa mwanamke mtaratibu mwenye miwani. Alisema wake wa wachimbaji anawaona kila wiki, hili alikuwa amefundishwa. Akatueleza kwamba zebaki ya namna ile ukiimeza kidogo, sehemu kubwa hupita tumboni na kutoka. Nikaanza kupumua. Kisha akavua miwani, akasema kinachoogopwa hasa ni mvuke wake, ikipata moto mtu akauvuta, maana huo unakwenda kwenye damu na unamfikia mtoto. Kama ingekuwa hivyo, asingetuacha, angetuandikia twende hospitali kubwa Mwanza wakapime.

"Hilo bakuli mlikuwa mnaliweka kwenye moto?"

Nilimwona mke wangu kwa pembe ya jicho, mikono yake miwili imeshika tumbo. Niliona jiko, mlango uliofungwa, kigoda chake karibu na joto. Yule mwanamume wa kwenye video akisifia povu la moto. Nilitaka kusema. Naapa nilitaka.

"Hapana," nikasema.

Mke wangu alikuwa anaangalia kadi yake. Nesi akavaa miwani, akaandika mstari mmoja, akatuambia tuendelee na kliniki kama kawaida.

Sikuwahi kuogopa namna ile, wala sijaogopa hivyo tena. Ilikuwa hofu ya kutwa. Nilikuwa naketi dukani na bisibisi mkononi, skrubu ya simu ya mtu inaniangukia, naanza kuangalia vidole vyangu kama vinatetemeka. Nilisoma kwenye simu mambo ambayo mtu asiyelala vizuri hapaswi kuyasoma: mtoto asiyesikia, mtoto anayechelewa kukaa, kutembea, kusema. Nikimaliza kusoma nafuta kumbukumbu za simu ili mke wangu asizione. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kurudi kwa nesi peke yangu, na kila asubuhi nilipita mbele ya geti la kliniki nikaenda kufungua duka. Nilijiambia labda bakuli halikupata moto wa kutosha. Nilijiambia kusema sasa ni kumtia presha mwenye mimba. Uongo ukishakaa unajipatia sababu zake wenyewe.

Kunyoa niliacha kabisa. Brashi niliifunga kwenye mfuko, nikautupa juu ya kabati. Ndevu zikaota ovyo, wateja wakaniuliza kama nimefiwa. Mke wangu hakuuliza. Nilikuwa nasubiri aniulize, na kila alipofungua mdomo niliweka kijiko chini, kumbe anataka chumvi.

Mtoto alizaliwa Desemba, wa kike, kilio cha nguvu. Watu wote walifurahi kile kilio. Mimi nilikuwa naangalia kidevu chake. Akilia kilikuwa kinatetemeka, kinatetemeka kweli, haraka haraka, na mimi nikakumbuka karatasi ikigongagonga kwenye saruji. Mama yangu, aliyekuja kutoka Nyarugusu kutusaidia, alisema watoto wote wachanga hutetemeka kidevu, hata mimi nilikuwa hivyo. Nikamwitikia. Sikumwamini. Mchana mama na mke wangu wakiwa uani nilimwinamia mtoto kitandani nikapiga makofi karibu na sikio ili nione kama atashtuka. Alishtuka, akalia, nikambeba mwenyewe nikizunguka naye chumbani na kumwomba msamaha kwa sauti ndogo. Kesho yake nikapiga tena.

Siku zake zilipotimia mama alisema nywele za tumboni zitolewe, mtoto hawezi kutembezwa kwa watu na nywele alizokuja nazo. Kwetu kazi hiyo ni ya bibi. Lakini macho ya mama yamepungua, naye akaona hakuna haja ya kumtafuta mwanamke wa nje wakati humu ndani yupo mtu aliyekuwa anajisifu kwa kunyoa mpaka majirani. Nilisema siwezi. Akaniuliza siwezi vipi. Mke wangu, ambaye nilitegemea aniokoe, alipanda kwenye stuli, akaushusha ule mfuko kutoka juu ya kabati.

"Atanyoa," alisema.

Walimlaza mapajani mwa mama yake, kwenye mkeka, mlangoni penye mwanga. Nilifungua wembe mpya kwenye karatasi yake na nikaudondosha. Nikafungua mwingine. Bakuli sikutaka hata kuliona la aina yoyote, kwa hiyo povu nilipigia kiganjani, sabuni kidogo na maji yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Harufu ile ilipopanda, nilimwona mke wangu akifumba macho. Nilipaka. Chini ya vidole vyangu utosi wake ulikuwa unapiga, pale palipo laini, hapana mfupa, ngozi tu na kinachopiga chini yake. Nimefungua simu za watu zisizofunguka, lakini sijawahi kugusa kitu kilichonitisha kiasi hicho.

Nilianza nyuma, shingoni. Nywele zilitoka laini, zinashikana na povu. Mama alizikusanya kwenye kitambaa, nyingine zikaanguka mkekani naye hakutaka zipotee. Nilizunguka masikio. Juu ya sikio la kushoto mtoto alichezesha kichwa na pakatokea damu, uzi mwembamba. Mkono wangu ukaanza kutetemeka na haukutaka kuacha. Niliutazama. Nikajiambia, basi, sasa umefika kwangu.

Mama alitoka kwenda kuongeza maji. Mke wangu alichukua kipande cha shabu, akakilowesha kwa ncha ya kidole, akakigusisha kwenye mkwaruzo ule. Damu ikasimama.

"Kuna jambo sikusema kwa nesi," nikasema.

"La jiko."

Nilifuta povu kwenye wembe.

"Nilikuwa nakaa palepale," alisema, bado anaangalia kichwa cha mtoto. "Unafikiri sikuwepo? Alipouliza, nilisubiri useme. Uliposema hapana, nikashukuru." Akafuta povu lililokaribia jicho la mtoto. "Nikashukuru, unasikia? Nilitaka iwe hapana."

Nilidhani miezi ile yote nimeibeba peke yangu. Kumbe na yeye alikuwa anapiga makofi karibu na sikio la mtoto nikiwa dukani. Aliniambia hivyo, akaniambia na jinsi anavyokishika kidevu kwa kidole akilia, anahesabu mapigo. Hapo ndipo nililia, wembe mkononi, povu linanidondoka kwenye goti. Yeye hakulia. Alisema mama anarudi, nimalizie, utosi bado.

Nilimalizia utosi. Sijui niliumaliza vipi. Najua niliweka kidole cha mkono wa kushoto kuzunguka pale palipokuwa panapiga, nikapita pembeni yake, nikainua, nikapita tena, nikishikilia pumzi yangu na nikisikia yake. Ulipokwisha, kichwa kilikuwa cheupe na chenye alama moja ndogo juu ya sikio. Mama alisema nimeacha vinywele viwili nyuma, akavitoa mwenyewe kwa kucha.

Wiki iliyofuata tulipanda basi alfajiri kwenda hospitali kubwa ya Mwanza. Njia nzima mtoto alilala, mkono wake nje ya kanga, na sisi wawili tuliutazama ule mkono mpaka tukashuka. Daktari alikuwa kijana, labda ananizidi miaka miwili. Alimpima kwanza kwa kumshika, akamgeuza, akamvuta mikono, akatikisa funguo pembeni. Hakusema ni mzima wala si mzima. Alisema watachukua vipimo, majibu yatachukua muda, na kuna mambo ambayo hayawezi kujulikana mpaka mtoto akue. Alichukua kalamu, akauliza maswali kwa mpangilio, tunakunywa maji gani, tunaishi wapi, nani nyumbani anachimba. Nilijua linakuja. Nililiona likija tangu alipoinua kalamu, na hofu ilikuwa ileile, haikupungua hata chembe.

"Mliwahi kuichoma zebaki ndani ya nyumba?"

"Ndiyo," nilisema. "Mimi. Nilikuwa napasha povu la kunyolea."

Aliniangalia, akauliza kwa muda gani. Nikasema tangu Juni mpaka Septemba, mara tatu kwa wiki, mlango umefungwa.

"Na mimi nilikuwa nakaa karibu," mke wangu alisema. "Kulikuwa na baridi."

Daktari aliandika yote mawili. Mtoto aliamka kwa ajili ya sindano, akalia, kidevu kikaanza kutetemeka, na mke wangu akanyoosha mkono akaushika wangu, akauweka pale, kidole changu juu ya kidevu, tukahesabu pamoja.